Grupu la mashairi kila kitu "hongera malenga", nani atanikosoa kweli?

BintiChuno (Mtwara)

Wakuu habari za humu. Nina swali naomba msilicheke. Mimi naandika mashairi, sio mtu mkubwa, naandika tu, na niko kwenye grupu la WhatsApp la washairi wa huku kusini, kuna watu wa Mikindani, Masasi, Newala, Lindi mjini, Ruangwa mpaka Kilwa Kivinje. Grupu linajiita karakana, maana yake mtu aweke utungo wenzake waupige msasa. Ndivyo ilivyoandikwa kule juu kwenye maelezo ya grupu.

Kinachotokea sasa. Mtu anaweka shairi usiku watu wakiwa wameshakula, kabla hata hujamaliza kusoma ubeti wa pili zimeshaingia "kongole malenga", "umetisha", "kalamu yako haikauki", maua, moto, mikono inapigwa, halafu mwingine anaweka la kwake juu na la kwako limezikwa hapo hapo. Mi juzi nikaweka langu nikaandika kabisa kwa herufi kubwa JAMANI NIKOSOENI. Nikaletewa maua.

Baadae sana akaja mzee mmoja, ni katika waliolianzisha grupu, akaandika mstari mmoja tu, "mshororo wa tatu umezidi mizani", yaani silabi zimezidi, basi. Hapo ndo watu wakachangamka, wakaanza kuhesabu na wao, wengine wakacheka, na watatu wakanifata inboksi kunipa pole. Pole ya nini? Hakuna hata mmoja aliyeniambia kama shairi lina kitu ndani au halina.

Jambo la pili ni huyo huyo mzee. Kila siku baada ya alfajiri anatuma shairi. Mizani iko sawa, vina viko sawa, kituo kiko sawa, na ukimaliza kusoma hujui kasema nini. Leo umoja, kesho amani, keshokutwa elimu, ukitoa neno "umoja" ukaweka "elimu" shairi linaendelea kutembea lenyewe. Natamani kumwambia ila ni mtu wa umri wa baba yangu na nusu ya grupu amewafundisha shule. Mnawakosoaje watu kama hawa?

Ubeti wangu huu hapa, msinionee huruma:

Msimu umefunguka, korosho ziko ghalani
Mnadani zimefika, bei ipo kileleni
Mkulima kafurahika, pesa ziko mfukoni
Kusini twaneemeka, tumshukuru Manani

mpitanjia

Lefti dada. Hilo sio grupu la mashairi hilo ni chama cha kuzikana, na wewe umekuja kuuliza katiba.

MwalimuWaLindi

Mwanangu BintiChuno, shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa 😄

Nianze na la mizani kwa sababu naona umelidharau kidogo. Huyo mzee kasema kweli. Hesabu: m-ku-li-ma ni nne, ka-fu-ra-hi-ka ni tano, jumla tisa, na ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, unatakiwa nane. Mshororo mzima una 17 badala ya 16. Ungeandika "Mkulima anacheka" ungekaa sawa. Tena "kafurahika" hakuna mtu anasema hivyo, mtu anafurahi, umeinyoosha ili upate "ka" ya kina. Msomaji aliyezoea anajikwaa hapo hata kama hajui kuhesabu, sikio lake linajua.

Sisi tumekua tukisoma washairi wakijibizana kwenye magazeti, Mambo Leo na mengine yaliyofuata. Mtu anatoa shairi, mwenzake wa mkoa mwingine kabisa anamjibu kwa shairi, anamwambia hapa umeteleza, na hiyo tungo ya kumkosoa lazima iwe imenyooka kuliko inayokosolewa, la sivyo anakuja wa tatu anawakosoa wote wawili. Ndiyo maana watu hawakuropoka. Ukitaka kumwambia malenga kakosea ulikuwa na kazi ya kutunga kwanza. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954 na ubishi haukuisha, uliendelea, lakini uliendelea kwa watu kutunga.

Kwa hiyo mizani usiione kama uonevu. Ni adabu ya kwanza, na anayekuhesabia amekusoma neno kwa neno. Wa maua hajakusoma.

MasasiHuru

Mwalimu nakuheshimu ila hapa napishana na wewe.

Anayehesabu mizani amesoma silabi, hajasoma shairi. Hivyo ni vitu viwili. Na mimi naona kabisa kwanini watu kwenye magrupu wanapenda kukosoa mizani, ni kwasababu hapo hakuna ugomvi, tisa ni tisa, hakuna mtu atakuambia una wivu. Jaribu kumwambia mtu "shairi lako halijasema kitu" uone, wataitwa wazee wa grupu. Watu wamekimbilia kwenye hesabu kwasababu ni salama. Huo ni woga wamevalisha utaalamu.

Haya mabishano hayajaanza leo. Tangu mshairi Kezilahabi alivyotoa diwani yake ya tungo huru, zile zisizofuata vina wala mizani, mwaka 1974 watu wanapigana kuhusu vina na mizani, mpaka leo hii ukiweka tungo huru kwenye magrupu mengi ya huku adimini anakwambia peleka kwingine hiyo ni insha. Mimi nimeshaambiwa.

Sasa dada ubeti wako. Mimi nitakwambia. Vina vyako vya mwisho ni ghalani, kileleni, mfukoni, Manani. Vitatu kati ya vinne ni neno lolote ukalibandika "ni". Hicho ni kina cha bure, Kiswahili chote kinaweza kwenda hapo, sokoni, nyumbani, kitandani, utaandika beti mia hujatoka jasho. Na kina kikiwa cha bure na wazo linakuwa la bure, kwasababu hakijakulazimisha kutafuta. Soma ubeti wako bila vina: msimu umeanza, bei nzuri, mkulima ana furaha, tunashukuru. Hiyo ni taarifa ya habari ya saa mbili.

Samahani kama nimekuumiza ila umesema tusikuonee huruma.

MwalimuWaLindi

La "ni" nakubaliana nawe moja kwa moja, nimelipita wakati nimeliona. Lakini usiseme umbo linaua wazo kijana wangu. Utenzi wa vita vya Maji Maji aliutunga mtu wa hapa hapa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini. Vita vimepiganwa 1905 mpaka 1907, watu wamekufa, njaa imepita, yeye akaviweka kwenye mishororo mifupi ya utenzi kwa umbo lile lile lililotumika kwa visa vya zamani. Umbo la kale na habari ya moto. Kinachoua wazo ni kukosa habari.

MasasiHuru

Hapo kwenye "kukosa habari" sasa tunaongea lugha moja Mwalimu.

KoroshoTandahimba

Mimi sio mshairi, nimeingia humu kwasababu nimeona neno korosho. Mtanisamehe kama naharibu uzi.

Dada huo ubeti una uongo. Sisemi wewe muongo nasema ubeti. Mstari wa kwanza korosho ziko ghalani, sawa. Wa pili mnadani zimefika. Zimefikaje? Korosho haziendi mnadani, zinakaa hapo hapo ghalani, ndo maana ya stakabadhi ghalani, tumeanza nayo huu mwaka wa ngapi tangu 2007. Mkulima anapeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinasafirishwa kwenda ghala kuu, halafu kinachoenda mnadani ni karatasi ya tani ngapi ziko ghala gani, na siku hizi wanunuzi wanaweka bei kwenye mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la mtandaoni, wakulima wanasomewa bei wanakubali au wanakataa. Kukataa kupo, watu wamekaa pale wamepiga kelele hatuuzi. Hiyo kelele ndo ulitakiwa uiandike, we umeandika zimefika kama vile zimepanda basi.

Halafu bei ipo kileleni. Mnada upi? Wa kwanza wa msimu na wa mwezi wa kumi na mbili bei moja? Na pesa ziko mfukoni, aaah dada, hela inaingia benki na inaingia ikiwa imeshakatwa makato, na kuna siku unaenda kuangalia akaunti unakuta salamu tu. Ukisoma huo mstari mbele ya wakulima wa huku watacheka, sio kwasababu mizani tisa, watacheka kwasababu hujawahi kungoja.

Na hao wote wameneemeka hapo mwisho, yule aliyeuza kangomba yuko wapi? Kwa asiyejua, kangomba ni mtu anakuja kabla ya msimu, korosho bado maua au bado changa, anakupa hela kidogo ya shida yako na korosho zako zikikomaa ni zake. Haramu, serikali inakamata kila mwaka, na kila mwaka ipo, kwasababu shida hazingoji Oktoba. Huyo mtu siku ya mnada anasikia bei inatangazwa kwenye redio kama jirani yake anavyosikia, ila ya kwake ilishaliwa mwezi wa sita. Yeye anamshukuru Manani?

Andika salfa pia. Tunaamka alfajiri upepo umetulia tunapuliza mashine mgongoni kwa ajili ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, unarudi nyumbani nguo inanuka mpaka mtoto hataki kukupokea. Hakuna hata harufu moja kwenye huo ubeti.

Vina sijui. Mimi naona vimekaa vizuri tu.

mpitanjia

Eti vina vimekaa vizuri 😂😂 mzee ameua halafu amefunika shuka

Zuwena_Mnazi

KoroshoTandahimba hii ndo komenti bora kuliko zote na umesema sio mshairi. Ila nataka kumtetea dada kidogo, shairi sio ripoti ya chama cha msingi, mshairi ana ruhusa ya kusema pesa ziko mfukoni akimaanisha amelipwa. Tukianza kudai risiti kwa kila neno hakuna atakayetunga.

KoroshoTandahimba

Ruhusa sawa. Lakini aitumie ruhusa kunionesha kitu, sio kupita haraka.

AdminiKivinje

Mimi naendesha grupu dogo huku Kivinje, nimesoma uzi wote, wacha nijibu lile la pili la kukosoa watu wazima maana naona limeachwa.

Kwanza tulichofanya sisi kupunguza maua. Anayeweka shairi anaandika juu yake anataka nini, kama anataka mizani tu aseme mizani tu, kama anataka aambiwe lote aseme lote, na kama ameweka ili watu wafurahi, labda kaandika ya harusi ya mdogo wake, aseme ni la kufurahi, tunafurahi. Ukishasema lote huruhusiwi kujibu mpaka wote wamalize. Hili la kunyamaza ndo gumu kuliko yote, watu wazima wanashindwa, mtu anaambiwa mshororo wa pili haueleweki anaanza kuuelezea kwa voisi ya dakika sita. Kama unaelezwa kwa dakika sita basi hizo dakika zilitakiwa ziwe ndani ya shairi. Na anayekosoa lazima ataje mshororo. "Shairi halijanigusa" hatupokei, ataje lilimwacha wapi.

Emoji hatujakataza, tulijaribu grupu likafa wiki nzima tukazirudisha.

Sasa wazee. Hadharani mzee usimwambie "hapa umekosea", hata kama amekosea, hapo umeshapoteza maana mtaacha shairi mtaanza kuongelea heshima yako na malezi ya kwenu. Mimi wazee nawauliza. "Mwalimu shikamoo, kwenye ubeti wa tatu huyu anayelia ni nani, ni yule mama wa ubeti wa kwanza?" Kama hakuna mama, atajua mwenyewe kwamba hakuna mama. Nimeona mzee mmoja kaulizwa hivyo kakaa kimya siku nzima, kesho yake katuma ubeti umebadilika na ndani yake kuna mtu ana jina. Hajasema asante na wala hatukumdai.

Njia nyingine ni ya kwetu sisi watu wa kusini na sijui kwanini hatuitumii kwenye magrupu, utani. Mtafute mtani wake. Msibani mtani anasema mambo ambayo mtoto wa marehemu hawezi kuyatamka na watu wanacheka na ujumbe unafika, na huruhusiwi kukasirika. Huyo mzee lazima ana mtani humo grupuni. Mtani aandike tu "we mzee umoja wako huu ulioutuma leo si ndo elimu ya jana umeivalisha kanzu nyingine?" Wewe dada hutaweza kuandika hivyo, yeye anaweza.

Ila uchunguze kama huyo mzee anataka kukosolewa. Wengine pale wametafuta tu sehemu ya kusalimiana asubuhi, shairi ndo hodi yao, na mtu wa hivyo ukimkosoa umemkatalia hodi. Muache.

BintiChuno (Mtwara)

Nimesoma yote. MwalimuWaLindi shikamoo, naitoa rasmi. MasasiHuru la "ni" limeniuma kwasababu nimerudi kwenye daftari nimekuta beti zangu karibu zote zinaishia "ni". KoroshoTandahimba wewe usiseme sio mshairi tena.

La pesa mfukoni naungana na Zuwena, mtu akisema ana hela mfukoni kila mtu anaelewa, benki au sio benki. Hilo silibadilishi kwa sababu ya benki. Nimelitoa kwasababu nimeutoa ubeti mzima. Nimeandika huu jana usiku, ni mmoja tu, sijaweka kule grupuni. Mniambie LOTE kama anavyosema Admini:

Zangu nilishaziuza, zingali juu ya mti
Mwana shule anaanza, hana begi hana shati
Redio yaitangaza, bei nami simo kati
Jirani akiuliza, nasema nangoja hati

MasasiHuru

Mshororo wa kwanza nimeusoma mara mbili mbili. Na huo wa mwisho anaongopa kwa jirani kwasababu ya aibu, hukusema neno aibu popote. Mimi mtu wa tungo huru nakubali, sina la kuongeza.

MwalimuWaLindi

Mwanangu huyu ni mtunzi mwingine kabisa. Mizani zote 16, nimehesabu. Vina vya mwisho safi, na safari hii umevitolea jasho. Kina cha kati kina kasoro moja: ziuza, tangaza, uliza ni "za", lakini anaanza ni "nza". Wapo wataokupitishia. Mimi sikupitishii.

KoroshoTandahimba

Mimi sijui nza na za. Ila neno hilo hilo na mimi limenikwaza. Mtoto anayeanza shule anaanza Januari, na Januari kangomba hakufuati, mti unakuwa umeshachumwa. Kangomba anakuja kuanzia mwezi wa sita na wa saba huko, na hapo shule zinafungua muhula wa pili, mtoto haanzi, anarudi. Na hati, yaani stakabadhi, unapewa siku ile ile ya kupima, kinachongojwa ni hela. Ingawa mtu anayeongopa anaweza kuongopa hata hilo, sawa, hilo nimeliacha.

Mke wangu nimemsomea. Kasema "nani kamwambia huyu".

Zuwena_Mnazi

Nimepata. "Mwana walimfukuza, hana begi hana shati". Mizani nane, kina "za", na mtoto alikuwa shuleni tayari kwa hiyo mwezi wa saba unakubali. Mwalimu hesabu.

MwalimuWaLindi

Mwa-na wa-li-m-fu-ku-za. Nane. Inapita.

BintiChuno (Mtwara)

Asante Zuwena ila siichukui. Ukisema walimfukuza tayari kuna mwalimu mbaya amekuja kwenye shairi, na mimi simtaki huyo mwalimu, msomaji atamkasirikia yeye atamsahau mama anayeongea humo. Neno nimeelewa ni bovu, pande zote mbili. Naendelea kulitafuta, nikilipata nalileta hapa hapa. Kule grupuni bado sijaamua.

Admini, mtani wa mzee nimempata, ni Myao wa Tunduru. Kasema nimpe mpaka Ijumaa.